Kifungo cha Tatu

Baba alirudisha leseni yake mwezi wa Februari.
Daktari wa macho wa pale Bytom aligonga muhuri bila kumtazama,
na lori la miaka ishirini na saba
likauzwa kwa mtu wa Opole asiyejua kubembeleza klachi.
Basi akanunua usukani wa plastiki,
akaukaza mezani kwa jiliwa mbili za seremala,
akaanza upya safari za Trieste
sebuleni, ghorofa ya nne, amevaa soksi.

Gemu ilikuja tupu kama nyumba ya kupanga.
Akaongeza mvua, mvua ya kweli,
iteleze kiooni na kusita kabla ya kudondoka.
Akaongeza kituo cha mafuta cha Cieszyn
na yule mbwa wake mwenye masikio yasiyolingana.
Ukungu wa Brno. Honi. Vumbi la dashibodi.
Modi moja, modi kumi, modi mia moja arobaini na tatu.
Haba na haba hujaza kibaba,
ila wahenga hawakusema
kibaba kikifurika nani atapiga deki.

Sasa kadi inakohoa.
Tukikaribia Graz picha inaganda,
feni inalia kama mashine ya kukaushia nywele,
miti inapukutika majani, kisha matawi,
lori linaelea juu ya barabara ambayo bado haijafika.
"Injini?" anauliza Baba, mguu tayari kwenye breki.
Si injini, Baba. Ni kumbukumbu.
Ananigeuzia lile jicho bovu.
"Yangu au yake?"

Nikachukua karatasi, nikapiga hesabu.
Kadi ina gigabaiti nane.
Milima inakula mbili na nusu,
mvua moja, anga moja na robo,
miji tunayoipita bila kushuka, tatu nzima.
Hapo bado taa, bado magari ya watu,
bado mbwa.
Dukani, Tymoteusz, kijana mwenye hereni kwenye nyusi,
akasema nane zilitosha enzi zile, mzee,
kwa mizigo yako chukua kumi na sita.
Akataja bei.
Baba akavua kofia
kama mtu aliyepishana na jeneza.

Tukarudi nyumbani kupunguza.
Milima ya Austria nikaishusha daraja, ikawa kama mito ya kulalia.
Anga aliitoa mwenyewe: "Dereva hatazami juu."
Ukungu ulimuuma, lakini akauacha uende.
Kisha nikakuta faili moja, jembamba kwa jina, nene kwa tumbo,
megabaiti mia sita za sufu:
sweta ya kijani juu ya kiti cha abiria,
kila uzi umepigwa picha, kila fundo lina kivuli chake.
Hii tuifute, nikasema. Nani anaiona?
Hakujibu. Akawasha indiketa,
ingawa tulikuwa tumesimama.

Kampuni ilikataza abiria.
Miaka ishirini na saba Mama alibaki jikoni
na kalenda yenye majina ya miji kwa penseli,
akifuta mmoja kila simu ilipolia.
Hata jioni ile alikuwa huko, akimenya viazi,
na feni ilipozidi akapaza sauti:
"Mmefika wapi?"
"Graz," Baba akasema. "Panasumbua."

Akaja akifuta mikono kwa aproni,
akainama mpaka miwani ikakaribia kugusa skrini.
Akakitazama kiti kile.
Kadi nayo, sijui kwa nini, ikatulia,
fremu arobaini, bila kukwama.
"Sweta hii si yangu," akasema.
"Yangu kifungo cha tatu kilikuwa cheusi.
Kile cha asili kilipotea, nikashona cha koti lako."

Akarudi kwenye viazi.
Baba akavuta kibodi karibu,
akaniuliza kwa sauti ya chini
kifungo kimoja kinakula kiasi gani.