Somo la Kwanza, Burnley

Nilipanga somo la kwanza: *Kompyuta ni nini?*
Kurasa sita, na mchoro.
Enid Hargreaves, miaka themanini na moja,
akavua glavu, akasoma, akanitazama.
"Redio nilifungua tu, mwanangu. Nikasikia."

Nikazichana.

Kipanya kikamtoroka mezani
kama kuku mgeni asiye na kamba.
"Bofya mara mbili," nikasema;
mkono unaotetemeka ukabofya mara tisa,
madirisha tisa yakafunguka,
yote yakionyesha bili ileile ya gesi.
Tukacheka hadi bawabu akachungulia.

Sasa mtaala wangu una ukurasa mmoja.
Juu nimeandika: *Unamtafuta nani?*
Chini nimeacha nafasi.
Enid amejaza: fundi bomba.
Kisha, kwa penseli, hafifu:
Nesta, tuliyefuma naye.