Sekunde Kumi

Launceston, wodi ya tatu, mvua dirishani.
Bronwyn, mwanafunzi wa mwaka wa nne,
amekariri neva zote za ulimi;
hakuna mtihani uliompima kunyamaza.

Mzee Pascoe, mkata manyoya ya kondoo,
kiharusi kimemwachia nusu ya kinywa.
Picha mezani: kijiko.
"Ki," anasema. "Ki…"
Neno zima li ulimini mwa Bronwyn,
lamwasha kama pilipili.
Nyuma yake msimamizi anagonga kalamu gotini:
nne. Tano.
Ngoja.

"Ki… kisu!"
Kimya. Kisha mzee akatikisa kichwa, akacheka,
mate yakimchuruzika kidevuni,
na Bronwyn naye akashindwa kujizuia.

Kwenye fomu, alama ni sifuri.
Pembeni, kwa penseli, kaandika:
kosa amelisikia mwenyewe.