Kinyungu Kiganjani

Mama, nimekuletea shamba.
Liko hapa kiganjani,
kipande cha silikoni kidogo kuliko kasha la kiberiti,
king'avu kama ute wa yai.
Usicheke. Kina mifereji kumi na minne,
kila mmoja mwembamba kuliko ule unywele mweupe
unaouficha chini ya kitambaa.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuchimba.
Bondeni Lundamatwe, Juni, umande umegeuka barafu,
vidole vimekufa ganzi, nawe unasema:
Twilumba, maji hayasukumwi,
yanaonyeshwa njia.
Sikujua kwamba nilikuwa darasani.

Huku Iringa mjini, chumba cha nyuma cha maabara,
nakoroga uji wa polima, kumi kwa moja,
naumimina juu ya kalibu.
Adui ni povu. Kiputo kimoja tu
na mfereji unavuja kama uliotobolewa na fuko.

Halafu umeme ukakatika.
Tanuri likapoa, baridi ya Gangilonga ikapenya dirishani,
uji ukagoma kushika.
Nikaubeba kwenye sinia hadi kwa Mama Luhwago wa vitumbua,
nikamwomba pembe ya jiko lake.
Jeli ya nini hiyo?
Ya kichanga, nikasema.
Akasogeza karai lake, asiulize tena.

Asubuhi nikaubandua, nikadondosha maji.
Yakakataa.
Yakajikunyata, yakawa shanga,
yakateleza kama juu ya jani la gimbi.
Wiki mbili nimegombana na jani hilo, Mama,
mpaka nikalibabua kwa cheche za hewa
likakubali kulowa. Na bado lina kichwa kigumu:
liache siku chache, linarudia ukaidi wake.

Wodini yupo mtoto wa Semeni Kikoti.
Kilo moja na gramu mia. Jina bado.
Kwake kijiko cha damu ni Ruaha mzima;
chota leo kupima sukari, chota kesho kupima umanjano,
utamkausha.
Mimi nilimwomba tone.
Kichomo kimoja, kisiginoni.

Tone likagusa mdomo wa mfereji
likaenda.
Hakuna pampu. Hakuna mteremko.
Nyekundu ikachelewa nyuma, maji ya manjano yakatangulia,
yakafika njia panda, yakagawana,
kila tawi na kitanda chake,
kama jioni zile ulipobomoa tuta kwa kisigino
na kabichi zote zikanywa.

Hajapona, usinipongeze.
Kipimo si dawa.

Unakiinua kipande kwenye mwanga wa mlango,
ukucha wako una udongo,
unakitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia.
Kikishatumika, unauliza, kinaoza?

Hapana, Mama.
Hilo bado hatujalilima.