Vizibo Sita

Ntinginya alisema, wala hakubahatisha:
asali halisi sisimizi haigusi.
Baba yake huuza asali stendi ya Sikonge
na maneno hayo humpa mteja pamoja na chupa.
Darasa likaitikia: hilo kila mtu anajua.

"Huyo Kila Mtu," nikasema, "mwiteni aje atoe ushahidi."

Nilikuwa na jibu, au nilidhani ninalo.
Nikaliuma kama mtu anayeuma ulimi.

Wakaokota vizibo sita vya soda.
Viwili asali ya mzinga wa gome la muyombo, ya baba yake Ntinginya.
Viwili asali hiyohiyo, imetiwa maji kijiko kwa kijiko.
Viwili maji matupu, maana Kalunde alitaka kujua
kama sisimizi huja kwa sababu tu wana kiu.
(Hilo sikumfundisha. Sijui alilitoa wapi.)

Wakachuchumaa nyuma ya stoo
na saa ya Mabula iliyopasuka kioo.

Dakika kumi. Asali halisi: sisimizi kumi na saba.

Kimya. Kisha Ntinginya: "Hao ni wa shuleni. Wana njaa."
Tukacheka, naye akacheka, ila macho yake hapana.
Asali ile ndiyo sare aliyoivaa.
"Tena mmehesabu mara moja tu," akasema,
na hapo alikuwa na hoja.

Jumanne wakarudia.
Jumatano wakaandika: *mvua*.
Alhamisi wakahamisha vizibo, kwani Shija alibisha
kwamba cha kushoto kiko jirani na tundu,
wakavutana mpaka kengele ikalia,
na kila aliyesema "mimi naona"
aliulizwa: umeona wapi, ukurasa wa ngapi?

Halisi: 17, 22, 19.
Ya maji: 41, 38, 44.
Maji matupu: 0, 2, 0.
Pembeni, kwa penseli: *wawili wamenasa kwenye nzito, wamekufa.*

Hitimisho aliliandika Ntinginya, akifuta mara tatu:
"Sisimizi hula asali halisi. Iliyotiwa maji huifuata wengi zaidi.
Sisimizi wa nyuma ya stoo. Kwa siku tatu."
Nimesahihisha madaftari miaka kumi na moja;
nukta kama hizo sijazikuta.

Wiki iliyofuata baba yake akaja, ndoo mkononi.
Nikajiandaa kuomba radhi.
Akasoma, kidole kilichovimba kwa miiba ya nyuki
kikishuka namba kwa namba.
Akaenda nyuma ya stoo, akadondosha tone lake mwenyewe,
akachuchumaa.

Muda mrefu.

Akainuka, magoti yakilia.
"Haya," akasema. "Na ile ya njiti ya kiberiti,
kwamba ukiichovya kwenye asali safi bado inawaka,
hiyo mmeshaipima?"

Kalunde alikwishaondoka, kuazima kiberiti jikoni.