Tromboni ya Tatu

New Orleans, duka la rehani, mvua.
Bwana Desmarais akazilaza tromboni tatu zuliani.

Ya kwanza mpya, koo pana,
sauti ya kanisa lenye sakafu ya marumaru.
"Hiyo ya okestra," akasema. "Kwenye jazi
itakumaliza pumzi kabla zamu yako haijafika."

Ya pili iling'aa. Basi.

Ya tatu imebonyea shavuni,
koo jembamba, shaba imelika
palipozoea kukaa kidole gumba cha mtu nisiyemjua.
Nikavuta mkono wake: ukateleza
kama uongo wa mjomba Alcide.

Nikapuliza noti moja, ya chini.
Mbwa aliyekuwa akibweka nje akanyamaza.

"Bei?"

Akaitazama mvua.
"Aliyeiweka alisema atarudi Jumamosi.
Hakusema ipi."