Faili Si Bovu

Albamu inaitwa Kutu. Waliileta wenyewe,
Luhende na yule mrefu wa Igoma, Nkwabi,
Jumatatu mchana, kwenye flashi iliyofungwa kwa mpira wa pesa,
hapa kibandani kwangu Mirongo, ninapojaza nyimbo kwenye simu za watu,
mia moja wimbo, elfu moja kadi nzima.
"Weka sauti," wakasema. Nikaweka.

Kwanza nikaipiga spika kofi.
Kisha nikachomoa waya, nikaufuta kwa shati, nikaurudisha.
Luhende alinitazama kama unavyomtazama mtoto
anayetafuta samaki kwenye picha ya ziwa.
"Ndiyo ulivyo," akasema. "Hilo ni gitaa."

Gitaa! Gitaa lililoburutwa juu ya mawe ya Bugando,
likavuliwa nyuzi tatu, likavishwa waya wa breki ya baiskeli.
Na ngoma ya pipa la lami. Na mafundi wa Makoroboi
wakigonga bati kwa kasi yao wenyewe, hawajui wanarekodiwa.
Na nyuma ya yote hayo, mvumo.
Mvumo tu. Dakika ishirini na mbili.
Kuna mtu humo ndani anaimba, au anaomba maji.

Nikaiuza mia tano, nusu udadisi, nusu uchokozi.

Wakaanza kurudi.

Sayi alisema kadi yake imeingia maji.
Mwalimu Kabula aliuliza kama ni dawa ya panya,
maana wa darini wamehama wote,
ila na mumewe naye kahamia sebuleni.
Kijana wa chuo, mwenye miwani, aliisikiliza amesimama,
akitikisa kichwa mahali pasipo na mdundo,
akasema huu ni ukombozi.
Nilipomuuliza wa nani, akalipa akaenda zake.
Mzee Lubango, fundi redio tangu redio zilipokuwa za mbao,
aliinama hadi sikio likagusa spika:
"Hii haijaharibika.
Kitu kilichoharibika hakina subira namna hii."
Akaomba kiti. Wimbo wa pili haukuisha, mgongo ukamwondoa.

Wengine walinitukana tu. Nilirudisha hela za watu tisa.

Halafu Nyanzobe,
aliyekata minofu ya sangara kiwandani miaka minane,
mtu wa kupaza sauti hata akikusalimia,
nami siku zote nilidhani ni tabia.
Alikuja kutaka kwaya. Kutu ilikuwa inalia, sijaizima.
Akanyanyua kidole: ngoja.
Mvumo ukaja, ule wa nyuma, mwembamba,
usiopanda wala kushuka.
Akasimama, mkoba kifuani,
hadi jua likatoka kaunta likafika vidoleni mwa miguu yake.

"Huu ninao," akasema.
"Upande huu." Akagusa sikio la kushoto.
"Tangu zile mashine za barafu. Nikilala ndiyo unaanza.
Nikamwambia daktari, akasema hamna kitu.
Nikamwambia mume wangu. Yeye alisikiliza kweli,
aliweka sikio lake kwenye langu, akabana pumzi,
akasema hamna kitu.
Sasa huyu kaupata wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamjazia.
Gitaa hakulitaka, bati hakulitaka, alitaka mvumo.
Nikamkatia dakika kumi na moja, zile tulivu.
Alitoa elfu, akakataa chenji,
akasema leo, wakishakula, vyombo vikishaoshwa,
atamwekea mumewe asikie.

Mimi bado sijui kama naipenda.
Nikiiweka, mguu haupati pa kukanyaga.
Ila jana nimechukua chaki,
chini ya bei za taarabu, kwaya na singeli,
nikaandika kwa herufi kubwa:

KUTU. MIA TANO. FAILI SI BOVU.
HAIRUDISHWI.