Belo la Watoto

Kidonge kimoja, kidogo kuliko kifungo cha shati.
Aikande wa duka la dawa la Pasua
alikisukuma juu ya kioo kwa ncha ya kidole,
hakuniuliza pete ni ya nani.
"Ukitapika kabla ya masaa matatu, rudi.
Ukitapika baadaye, pole tu."

Nikayahesabu nimekalia belo
soko la Memorial, Julai,
ukungu umeumeza mlima hadi magotini.
Lisaa la kwanza, mate mengi.
La pili, mtori wa Mama Ndeshi,
niupendao,
ukanuka kama adui. Nikauma meno.
La tatu lilipopita nikakimbilia nyuma ya choo
nikatapika kwa amani
kama mtu aliyekwisha kutia saini.

Kesho yake kichwa kizito. Matiti
hayataki hata kuguswa na kanga.
Siku ya nne, doa la rangi ya kutu:
nikashukuru mapema,
Aikande akacheka kwenye simu.
"Hiyo siyo yenyewe. Mwili umetikiswa, unajipanga.
Na mwambie Elirehema
kidonge ni cha jana, kesho hakiijui."

Jumamosi tukakata kamba za belo.
Nguo za watoto, gredi ya kwanza.
Soksi zisizozidi kidole gumba,
kofia yenye masikio ya sungura.
Nikazikung'uta, nikazipanga, nikaita:
elfu mbili, elfu mbili, chagua!
Nyumbani ninao wawili na ada ya mmoja.
Mama mkwe, kule Kibosho, husema
watoto wawili ni kigoda cha miguu miwili.
Hajawahi kuniuliza nani anakalia.

Tarehe ikafika. Ikapita.
Aikande alisema yaweza kuwahi, yaweza kuchelewa,
ikizidi wiki nipime.
Nikanunua kipimo, nikakificha kwenye kopo la sukari,
usiku nikawa nalisikia kopo.

Siku ya sita nabishana bei
na binti mwenye tumbo la miezi saba,
sweta ya njano mkononi mwake,
nikasikia tumbo likivuta chini,
maumivu yale ya zamani, ya kila mwezi,
yanayobisha hodi kama mdai.
Karibu, nikasema kimoyomoyo. Karibu ndani.

Sweta nikamwachia kwa elfu moja.
Akanitazama, akadhani ina tundu,
akaigeuza, akaigeuza tena.

Kipimo bado kimo koponi.
Mlima haukutoka siku ile.